Uso wa Mtoto Katika Ukumbi Wenye Giza



Tangu tulipoanza kuwapiga picha watoto wa karate, hapa Kasese na kule Bwera, wazazi wamekuwa wakituuliza swali moja kwa maneno mbalimbali. Mama mmoja husema simu yake ni mbovu. Mwingine husema mwanawe ni mweusi mno, ndiyo maana haonekani. Hajji mmoja, mtu wa heshima zake, alitufungulia simu mpya kabisa na kutuonyesha picha ya mjukuu wake: gwanda jeupe limeruka hewani, mguu umenyooka vizuri, na pale panapotakiwa kuwa na kichwa pana kivuli. Akasema, "Wanangu, hii ni nguo. Mtoto yuko wapi?" Basi tukaona ni vyema tuyaandike tuliyojifunza, ili familia zifaidike, in shaa Allah, na wanafunzi wanaoipenda kazi hii wapate pa kuanzia.

Sisi ni ndugu wawili, kaka na dada, wenye kibanda kidogo cha picha mjini Kasese. Chakula chetu kinatokana na picha za pasipoti, harusi na mahafali. Karate ni kazi ya Jumamosi na Jumapili, na malipo yake, tuseme ukweli, hayanunui hata betri. Tunaifanya kwa sababu watoto wetu wenyewe wamo humo, na wengi wa watoto hao, wa madrasa na wa shule za misheni wakiwa wamechanganyika, hawana picha nyingine yoyote zaidi ya ile ya mtihani.

Ama kuhusu ukumbi, wengi wenu mnaujua hata kama hamjaingia huu wetu. Ni ukumbi wa shule. Juu ni bati tupu lisilo na dari, kuta zimepakwa rangi ya kahawia hadi kifuani kwa mtu ili uchafu wa mikono usionekane, madirisha ni madogo na yako juu. Taa ni za mirija, nne, na moja kati ya hizo inapepesa. Mazoezi huanza baada ya Alasiri. Hapa Kasese milima ya Rwenzori iko magharibi yetu, kwa hiyo jua hujificha nyuma ya milima mapema, wakati Magharibi yenyewe ni karibu na saa moja jioni. Ile saa ya mwisho ya mazoezi, ambayo ndiyo saa watoto wanapigana kweli kweli, ukumbi unakuwa kama ndani ya jungu. Umeme nao ukiamua kuondoka, tunafunga mikoba.

Maelezo yaliyotufaa zaidi tuliyasoma kwa wazazi wa Canada na Marekani wanaowapiga picha watoto wao wakicheza hoki juu ya barafu. Mtu atacheka: Kasese na hoki ya barafuni wapi na wapi! Barafu ya kwetu iko juu Rwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, nayo inazidi kuyeyuka mwaka hadi mwaka. Katika Afrika Mashariki vijana wa kuucheza mchezo huo utawakuta Nairobi, timu ya Kenya Ice Lions, ambayo ilianzia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari uliofunguliwa mwaka 2005. Lakini shida ya wale wazazi ilikuwa ndiyo hii yetu: jengo lililofungwa, taa hafifu, mtoto asiyetulia hata sekunde moja, na weupe mwingi unaoidanganya kamera. Kwao weupe ni barafu, kwetu ni magwanda.

Na kamera inadanganyika hivi. Kifaa hakijui gwanda wala barafu. Kinapima mwanga wote ulio mbele yake, kisha kinachukulia kwamba kila kitu kikichanganywa hutoa rangi ya kijivu cha kati. Ukiielekeza kwa watoto ishirini waliovaa nyeupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Gwanda linakuwa la kijivu, na uso wa mtoto wetu, ambao tangu mwanzo haukuwa na mwanga wa kutosha, unatumbukia gizani. Yule mtoto si mweusi mno. Ni mashine imeipimia nguo, haikumpimia yeye. Hali ni hiyo hiyo siku ya Idi mkiwapanga watoto wenye kanzu nyeupe mbele ya msikiti.

Tena jambo hili lina historia. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa inazipelekea maabara kadi za kulinganishia rangi, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Wenyewe waliziita kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watu wa rangi yetu hawakuwamo katika hesabu hiyo kwa miaka mingi. Leo kamera zimebadilika sana, na simu nyingi zinautambua uso kabla hujabonyeza, lakini katika ukumbi wenye giza na nguo nyeupe bado inabidi mpigaji aamue mwenyewe.

Kwa wenye simu, fanyeni hivi: gusa uso wa mtoto kwenye kioo, ushikilie kidole hadi simu ikubali kuufunga upimaji hapo, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo. Gwanda litang'aa kupita kiasi, na mikunjo yake itapotea. Acheni ipotee. Ile hali ya usiku iliyomo kwenye simu msiitumie kwa mtoto anayerusha teke, kwa sababu hukusanya mwanga kwa muda mrefu, na mtoto atatoka kama moshi. Wenye kamera waache kuitegemea ijipimie yenyewe. Wapime usoni, waweke wenyewe, na wasiibadilishe hadi mwanga ubadilike. Sisi tunatumia Canon iliyokwisha tumika na lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, lenzi ya plastiki, nyepesi, ya bei ya chini. Lenzi ndefu ya kuvuta tuliyokuwa tunaitamani imebaki dirishani mwa duka Kampala, na sasa hatuioni tena kuwa ni hasara, maana humu ndani ingetupa giza tu. Unasogea kwa miguu yako.

Flashi hatutumii. Inamshtua mtoto katikati ya pambano, na ukiielekeza juu ili mwanga urudi, huko juu hakuna dari ya kuurudisha, ni bati na popo.

Zile taa za mirija zina ujanja wake pia. Umeme wetu unazifanya ziwake na kufifia mara 100 kwa sekunde moja. Jicho halioni, ila kamera ikifunga haraka inaona. Ndiyo maana picha tatu zilizopigwa mfululizo, mahali pamoja, moja inatoka ya manjano iliyofifia, ya pili nzuri, ya tatu katikati. Mtu asidhani kamera imeharibika akaipeleka kwa fundi. Piga nyingi, uchague.

Lakini kilichotusaidia kuliko vifaa vyote ni mlango. Ukumbi ule una mlango mpana wa milango miwili upande wa kaskazini, na kwa miaka mkeka wa mazoezi ulikuwa umetandikwa mbali nao, karibu na jukwaa, kwa sababu jukwaani ndipo walipokaa wageni siku ya kwanza. Tulimwomba mwalimu auhamishe mkeka hatua kumi. Akatuangalia kama watu waliomwomba ahamishe shule. Jumamosi iliyofuata akauhamisha, akafungua milango yote, na watoto wakawa na mwanga upande mmoja wa uso kama wa dirishani nyumbani. Baadaye wazazi walichanga, wakanunua mabati mawili ya plastiki yanayopitisha mwanga, fundi akayapachika badala ya mabati mawili ya kawaida. Hata mwalimu wa hesabu amefurahi, maana siku za wiki darasa lake liko humo.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba watu wote wanataka picha moja. Hawataki. Mtoto anataka teke. Anataka aonekane yuko juu, miguu yote miwili imeacha ardhi, ili akawaonyeshe wenzake. Teke linadai kamera ifunge haraka, sehemu moja ya 500 ya sekunde, na humo ukumbini kasi hiyo inakula mwanga karibu wote. Unapandisha ISO hadi 3200, hata 6400, picha inakuwa na chenga kama mchanga, na uso, hata ukipimwa vizuri, unakuwa umekunjamana au umegeukia pembeni. Mama hataki teke. Mama anataka uso. Mwanzoni tulidhani ni suala la ladha tu, tukawa tunawasikiliza watoto zaidi kwa sababu ndio wanaotuzunguka.

Bwera ndiko kulikotubadilisha. Kutoka Kasese unashuka hadi Kikorongo, unakunja kulia, na njia inakupeleka moja kwa moja hadi mpakani Mpondwe, ng'ambo ni Kongo. Usiku wa Ijumaa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Bweni la wavulana lilitiwa moto, na baadhi ya miili iliungua hata ndugu hawakuweza kuitambua, ikabidi ipimwe DNA. Hatutaongeza maneno juu ya hilo. ADF wanajinasibisha na dini yetu, na Mwislamu wa Bwera hahitaji kuelezwa uzito wa kulisikia jina la dini yake likisomwa katika habari ile ile inayosoma idadi ya watoto wa majirani zake.

Mazoezi ya Bwera yalisimama kwa muda, na yaliporudi tulikuta maombi yamegeuka. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka kumi na mitatu, akamsimamisha mbele ya dada yetu, akasema: "Huyu mpige uso. Mbele, na kila upande. Masikio yaonekane." Mtoto aliona haya, akataka kucheka. Mama hakucheka. Tulimpiga hapo hapo mlangoni, upande wa mwanga, na tangu siku hiyo hakuna mtoto anayeondoka mkekani kwetu na picha ya teke peke yake.

Kuna sababu nyingine ambayo wageni huichelewa. Wakonzo humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Katika mkeka mmoja tumewahi kuwa na akina Baluku sita, na wawili kati yao ni Baluku Yusufu. Ukiandika "Baluku" chini ya picha ambayo uso hauonekani, umeandika kwamba kulikuwa na mtoto wa kwanza wa mtu fulani. Wale Yusufu wawili walilingana hata urefu. Mmoja ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na kovu hilo linaonekana tu mwanga ukitoka mlangoni.

Basi uso unapatikana lini, kwa watoto wasiotulia? Hapa inabidi tueleze jambo lililoleta maneno kidogo. Katika karate mwanafunzi huinama kumsalimu mwalimu na mwenzake kabla ya pambano. Baadhi ya wazazi wa Kiislamu hawakuridhika, wakasema namna ile inafanana na rukuu, na rukuu haifanywi kwa kiumbe. Wengine wakasema ni salamu tu ya Wajapani. Mwalimu si Mwislamu, lakini ni mtu msikivu. Aliwaita wazazi, ustadhi wa madrasa akaja, wakakaa kwenye madawati ya darasa la tatu magoti yakiwa yamewafika kidevuni, na wakakubaliana kwamba mtoto wa Kiislamu asimame wima, aweke mkono wa kulia kifuani, amtazame mwenzake. Wasio Waislamu waliendelea kuinama. Hatukutaja neno katika kikao kile, haikuwa kazi yetu. Ila kwa mpiga picha ilikuwa neema. Anayeinama unapata utosi wake. Anayesimama mkono kifuani ametulia kwa pumzi mbili nzima, macho yako mbele, na unaweza kuilegeza kamera hadi sehemu moja ya 125 ya sekunde, ukapata mwanga mara nne ya ule wa teke. Miezi miwili haikupita, tukaona watoto wa misheni nao, baada ya kuinama, wananyanyuka na kuweka mkono kifuani. Hatujui kama ni heshima au wameona picha za wenzao zinavyotoka.

Wasichana hupigwa na dada, na hupigwa tu ambao mzazi ameridhia. Kuna familia zisizotaka picha kabisa, na kuhusu hukumu ya picha wanazuoni wamesema mengi, sisi si watu wa kuamua. Mtoto wa familia hizo tunamjua kwa sura, tunaishusha kamera anapoingia mkekani, na mwalimu hamtenganishi na wenzake. Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha yenye jina ni taarifa.

Tangu 2023 wazazi wa Bwera wameongeza sharti ambalo tumelipeleka na Kasese: picha inayotumwa kwenye kundi la simu isionyeshe kibao cha shule, wala isiandikwe siku na saa ya mazoezi. Tunageuza mkeka ili nyuma ya watoto pawe na ukuta. Mwalimu mmoja kijana alilalamika kwamba sasa picha zote zinafanana na hazitangazi klabu. Tulimwambia ni kweli.

Na picha tunachapa, hatuishii kwenye simu. Simu inaibwa, inaanguka chooni, inauzwa wakati wa karo. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020 ulipoiharibu vibaya hospitali ya Kilembe, maji hayakuchagua kabati la nani lina albamu. Kwa hiyo kila mtoto anapata nakala mbili za uso wake. Moja ya nyumbani, nyingine ya kupelekwa kwa bibi au shangazi anayeishi mbali na mto. Nyuma tunaandika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huvuja ukipata unyevu: jina lote, jina la baba, jina la mama, kijiji, mwezi na mwaka. Picha ya teke wanapata moja, na hiyo hawaihifadhi. Inazunguka shuleni hadi inakatika pembe.

Ukumbi wa Bwera bado hauna bati la kupitisha mwanga. Mwalimu mkuu amekwisha kubali, fedha ya bati moja imepatikana, na fundi amesema hapandi juu ya paa hadi mvua zikatike. Kwa sasa tunawapanga watoto mlangoni, wawili wawili, kabla ya saa kumi na mbili.

Wabillahi tawfiiq.